Mita Tatu za Nyongeza

Siku ile mjinga alikuwa Ndahani Chidawali, na tuliseme hilo mapema ili asije akasingiziwa mtu mwingine. Yeye mwenyewe halikani. Hata leo, akiwafundisha wahandisi wapya pale Kinywani, maji ya handaki yanapotokea, somo la kwanza huanza kwa kuwaambia, "Mnamwona huyu anayewafundisha? Ndiye aliyekuwa mpumbavu siku ya sherehe." Wanafunzi hucheka kwa adabu. Wengi wao walikuwa Dodoma zile siku arobaini mabomba yalipokauka, na kila mmoja anakumbuka aliogea nini, kama aliogea. Mji mzima ulizipa jina: Siku za Ndahani. Wapo waliojifungua siku hizo wakawaita watoto wao Ndahani, na haikuwa kwa heshima.

Lakini asubuhi ya sherehe, miaka kumi baada ya maji kufunguliwa, hayo yote yalikuwa bado. Asubuhi ile Ndahani alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyokuwa ikimbana kwapani, amesimama kwenye jukwaa mbele ya Kinywa cha Handaki Kuu, na saa tatu kamili Jongoo alitoka majini.

Watu walirudi nyuma bila kuambiwa. Jongoo alikuwa mashine ya urefu wa mita tisini, mwenye miguu mia nne ya chuma, asiye na kichwa wala mkia kwa sababu alitengenezwa aende pande zote mbili. Kazi yake ilikuwa kutembea ndani ya handaki huku maji yakimpita mgongoni, akipapasa kuta kwa miguu, na popote alipokuta ufa akitema utando mzito ulioganda kama kigaga kwenye kidonda. Safari moja ya kwenda na kurudi ilimchukua miezi mitano. Alipojitandaza juani, akichuruzika maji, miguu yake iliendelea kutekenya zege kwa mazoea, na mtoto mmoja wa kiongozi alilia hadi akatolewa nje.

"Msimwogope," Ndahani alisema kwenye kipaza sauti. "Huyu hali watu. Anakula nyufa."

Watu walicheka. Ndahani alipenda sana watu wacheke.

Akawaeleza. Kwa miaka mingi handaki refu kuliko yote duniani lilikuwa lile la kupeleka maji New York, kilomita mia moja thelathini na saba. Hili la kwao lilikuwa na kilomita mia nne na sabini, kutoka ghuba za kusini za Ziwa Viktoria hadi hapa walipokuwa wamesimama, nje kidogo ya Dodoma. Ziwa limeuzidi mji kimo kwa nguzo mbili tu za umeme ukizisimamisha moja juu ya nyingine, na kwa mteremko huo mdogo maji yalitembea yenyewe, bila pampu hata moja, polepole kama mzee anayetoka sokoni. Tone lililoingia Jumatatu lilitoka Jumanne ya wiki iliyofuata. Njiani lilipita chini ya Shinyanga, chini ya mawe makubwa na mashamba ya alizeti ya Singida, chini ya Manyoni, na hakuna aliyelisikia.

"Sasa nawaonyesha maajabu yenyewe," alisema, akanyoosha kidole kwenye ubao wa taa uliokuwa juu ya Kinywa. Upande wa kushoto iliandikwa 60. Upande wa kulia iliandikwa 63. "Ziwani zinaingia mita za ujazo sitini kila sekunde. Hapa zinatoka sitini na tatu. Mabomba mengine yote duniani hupoteza maji njiani. La kwetu linazaa. Wageni wetu wa rekodi za dunia, andikeni: handaki refu kuliko yote, na ndilo pekee lenye uzazi."

Walicheka tena, wengine wakapiga makofi. Wale wageni watatu, waliokuwa wamebeba cheti ndani ya fremu, walisubiri mkalimani, nao wakacheka kwa zamu yao.

"Mhandisi, hizo tatu ni za nani?"

Sauti ilitoka pembeni mwa hema la wageni. Aliyeuliza alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, amejitanda kanga, na begani amening'iniza kamba iliyoviringishwa, kubwa kama tairi la pikipiki. Lafudhi yake ilimtangulia. Alikuwa Mnyaturu wa Singida.

Hapo ndipo Ndahani alipojikwaa. Yeye ni Mgogo, na huko kwao Mgogo na Mnyaturu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana hadharani amekupa zawadi, na adabu ni kumrudishia iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo alipolisikia swali lile, lenye makali yale, mbele ya watu wote wale, moyo wake ulifurahi. Alidhani anachezewa.

"Kumbe Singida mpo," alisema. "Na mimi nilikuwa nashangaa kuku wa leo wamekwama wapi."

Hema zima lilicheka. Mama yule hakucheka.

"Nimeuliza hizo tatu ni za nani."

"Ni nyongeza, Mama. Ukinunua fungu la nyanya ukaongezewa moja, unamwuliza muuzaji ni ya nani? Unaitia kikapuni unakwenda zako."

"Akiwa ameitoa kwenye kikapu changu, ninamwuliza."

Safari hii kicheko kilikuwa nusu. Mkalimani aliinama kwenye sikio la mgeni mmoja, kisha akasita, akaamua kutoendelea.

"Naitwa Veneranda Mghenyi," mama alisema, hakuhitaji kipaza sauti. "Natoka Ntundwa, mlinzi wa kisima cha kijiji, kama baba yangu. Sijaja kwa utani. Nimeleta karatasi, na wa kuisaini ni wewe."

Ndahani alishuka jukwaani akiwa bado anatabasamu, kwa sababu tabasamu lilikuwa limemganda usoni na hakujua pa kulipeleka. "Twende ofisini, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa unawachelewesha watu pilau." Alikusudia dakika mbili. Akamwachia naibu wake kipaza sauti, akamwambia awaimbishe watu wimbo wowote.

Ofisi waliiita Chumba cha Masikio. Ndani ya kuta za handaki, toka ziwani hadi mjini, vilipandikizwa visikizi elfu kumi na moja, na vyote vilileta sauti zake hapa, kwa Msarifu. Huyo alikuwa akili mnemba iliyopewa usimamizi wa maji yote. Msarifu hakuwa na umbo. Alikuwa sauti ya kiume yenye upole wa karani wa benki, na ukuta mmoja wa kioo uliochora chochote ulichomwuliza.

Mama Veneranda hakuketi. Aliiweka karatasi mezani.

Ndahani aliisoma. Kijiji cha Ntundwa, kaya mia tatu na kumi, kilikuwa kinahamishwa Jumamosi kupelekwa kwenye nyumba mpya bondeni, kwa kuwa visima vyake vyote vimekauka kwa sababu ya ukame. Chini kulikuwa na aya moja: kuhama kungesimamishwa iwapo Mhandisi Mkuu wa Handaki angethibitisha kwa saini kwamba maji ya kijiji yamevutwa na handaki, na si ukame. Katika hali hiyo handaki lingelazimika kuzibwa sehemu ile. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Mwaka gani Singida hakukuwa na ukame?" alisema, akairudisha karatasi upande wa mama. "Mnakata miti mpate kuni za kukaangia alizeti, kisima kikikauka mnatafuta mhandisi wa kumsingizia."

"Mti wa mwisho Ntundwa mlikata ninyi. Mlikuwa mnatafuta pa kushushia mashine."

"Una kipimo? Una mtaalamu yeyote aliyepima?"

"Ninacho."

Aliishusha ile kamba begani, akaiachia. Ilifunguka sakafuni, ikapita chini ya meza, ikazunguka kiti, ikafika mlangoni na kurudi. Haikuwa kamba moja. Ilikuwa ya vipande vilivyoungwa kwa mafundo, kila kipande cha aina yake.

"Hii katani ni ya baba yangu," Mama Veneranda alisema, akikanyaga mwanzo wa kamba kwa kidole gumba. "Pima tisa za mikono iliyonyooshwa. Nimezaliwa, nimevunja ungo, nimeolewa, nimezika mume, ni pima tisa tu, masika na kiangazi. Ndoo ikifika fundo la mwisho, imegusa maji. Kwetu kamba ya kisima haiongezwi ovyo. Ukiiunga, wazee wanakuja kushuhudia, na siku ile haisahauliki." Akapiga hatua. "Nailoni hii, pima nne. Niliiunga wiki ya tatu baada ya ninyi kufungua maji. Waya huu, pima sita, ni mwaka wa pili, wiki ya kuvuna alizeti. Hapa mwaka wa nne, Kwaresima. Na hapa."

Alisimama kwenye kipande cha kitambaa kilichosokotwa. Ndahani aliinama akitazama. Kilikuwa ni fulana iliyochanwa. Juu yake ilionekana nusu ya picha ya Jongoo, na maandishi yaliyokatika katikati: MAJI NI.

"Mlitugawia siku ya uzinduzi," alisema. "Ni kitambaa kigumu, nakusifu. Jumla sasa ni pima arobaini na moja, na mwezi uliopita ndoo ilipanda na tope."

Mtu mwenye busara angeketi. Ndahani alitaka ushindi. Alijua kamba haishindani na visikizi elfu kumi na moja, na alitaka mama huyu aione aibu yake kwenye kioo, kubwa, kwa rangi.

"Msarifu," alisema. "Chora ile nyongeza, mwezi kwa mwezi, tangu tufungue maji."

Mstari wa buluu ulichorwa ukutani. Haukupanda taratibu kama alivyodhani. Ulipanda kwa ngazi.

"Mama, soma siku za mafundo yako," Ndahani alisema.

Mama Veneranda alisoma, fundo kwa fundo, akitembea juu ya kamba. Wiki ya tatu, ngazi ya kwanza. Mavuno ya alizeti ya mwaka wa pili, ngazi ya pili. Kwaresima ya mwaka wa nne, ngazi ya tatu. Alipofika kwenye fulana mstari ulikuwa umefika juu kabisa, na nje, kwenye hema, watu walikuwa wanaimba wimbo waliochaguliwa na naibu, wakikosea maneno.

"Inaingilia wapi?" Ndahani aliuliza, si kwa mama.

"Sehemu kubwa inaingia kati ya kilomita ya mia mbili na themanini na ya mia tatu na kumi," Msarifu alijibu. "Ni chini ya kijiji cha Ntundwa na vijiji viwili jirani. Inapita kwenye vitundu vya kupumulia."

Vitundu hivyo Ndahani alivichora kwa mkono wake. Pale Singida milima inalikalia handaki kwa uzito mkubwa, na maji yaliyomo kwenye miamba yanasukuma ganda la zege kutoka nje. Ganda lisipopumua linapasuka. Kwa hiyo aliacha matundu membamba kama penseli, maelfu kwa maelfu, mlima uteme kidogo na ganda lipone. Kila kitabu cha uhandisi kingemsifu. Ila alisema kidogo, na hakuna siku aliyokwenda kupima kidogo hicho ni kiasi gani.

"Miaka kumi. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniagiza nitoe taarifa ya upungufu," Msarifu alisema kwa upole uleule. "Mwezi wa pili nilikuuliza kuhusu ongezeko. Jibu lako lipo. Nikusikilizishe?"

Hakusubiri ruhusa, maana mashine huuliza kwa adabu tu. Chumba kikajaa sauti ya Ndahani aliyekuwa na umri mdogo zaidi, mdomo umejaa chakula. *Nani analalamika akiongezewa? Wewe nyamaza, kula.* Kisha kicheko, kirefu, cha mtu aliyefurahishwa sana na nafsi yake.

Mama Veneranda aliisikiliza hadi mwisho. "Umefundishwa vizuri nyumbani," alisema.

Sasa ingefaa mtu aseme samahani. Lakini aibu ikimfika mtu mwenye cheo haimpigishi magoti mara moja. Kwanza inamfanya ang'ate.

"Kwetu ni Chigongwe," Ndahani alisema, na utani ulikuwa umemtoka wote. "Ni karibu tu na hapa. Mama yangu alifukua mchanga wa mto mkavu kwa mikono, akichota maji kwa kikombe, mpaka kucha zikamwisha. Usinifundishe kiu. Leo mji huu una watu milioni nne, wanakunywa, wanalima, hospitali zinafua mashuka. Kuziba pale chini ganda jipya lazima lijengwe pakavu. Jongoo atahitaji siku arobaini handaki likiwa tupu. Akiba ya mji ni siku kumi. Kaya mia tatu na kumi kwa watu milioni nne. Ungekuwa wewe ungechagua nini?"

"Mimi sikuchagua. Ulichagua wewe, unakula."

"Nitawapa malori ya maji. Kila siku."

"Malori tuliyapata. Kila siku ikawa kila wiki, kila wiki ikawa kila uchaguzi."

"Basi hameni! Huko bondeni kuna ubaya gani? Nyumba mpya, bomba mlangoni."

"Bomba la maji gani?"

Ndahani aligeukia ukuta wa kioo.

"Sema tu," mama alisema. "Ya handaki. Mmeyachukua kwetu, mmeyatembeza huko, sasa mnatuita tuyafuate na vyombo vyetu kichwani, na makaburi ya wazazi wetu tuyaachie mbuzi."

"Wakuu hawatakubali. Nikisaini, kesho nitaitwa, na kesho kutwa kiti hiki atakikalia mwingine."

"Sasa tumefika. Kumbe hesabu ya watu milioni nne ilikuwa ya kiti kimoja."

Ilimwuma, kwa sababu hakuwa na uhakika kama ni uongo. Mlangoni alitokea naibu, akachungulia. Wageni walikuwa wanauliza kama cheti kikabidhiwe au wasubiri. Ndahani alimtazama kwa namna ambayo naibu alirudi nyuma, akajikwaa kwenye ile kamba, akaomba radhi kwa kamba.

"Mama," Ndahani alisema, akilainisha sauti. "Mimi na wewe ni watani. Tusifikishane huku."

"Watani?" Kwa mara ya kwanza Mama Veneranda alitabasamu, na lilikuwa tabasamu baya. "Kwetu pakiwa na msiba, mtani ndiye anayeshika jembe la kaburi. Wewe umechimba, tena refu kuliko yote duniani, na wazungu wameleta cheti. Lakini mtani akimaliza kuchimba hukaa azike, ale matanga, atuchekeshe tusife kwa majonzi. Miaka kumi hujafika Ntundwa hata kusalimia."

Akaanza kuikusanya kamba. Aliizungusha kati ya kiganja na kiwiko, pima kwa pima, bila haraka, na kila fundo lilipopita mkononi mwake Ndahani alilitazama, kisha akatazama ngazi yake ukutani. Mstari wa buluu ulibaki pale. Hakuna aliyemwambia Msarifu aufute.

Ndahani alichukua kalamu. Akaiweka. Akaichukua tena, akaanza kubofya kitufe chake, tik, tik, tik, huku akiwaza mabomba yakikohoa hewa kwenye nyumba za mji mzima, na jina lake midomoni mwa watu walioshika ndoo. Kisha likamjia wazo moja, la mwisho, la mtu mjanja aliyezoea kushinda. Kwenye kona ya meza kulikuwa na jagi la maji ya Kinywani, baridi, yaliyochotwa asubuhi ile kwa ajili ya wageni. Alijua mtu wa nchi ile, hata awe na hasira namna gani, hakatai maji ya kukaribishwa. Na akishakunywa maji yako, sauti yake hushuka, mkaongea kama mwenyeji na mgeni. Alimimina glasi ikajaa pomoni, akaisukuma mbele ya mama kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Tupoe kidogo, Mama. Kunywa maji kwanza. Umetoka mbali."

Mama Veneranda aliitazama ile glasi. Kwa kidole kimoja aliirudisha juu ya meza, taratibu, mpaka ikagusa karatasi.

"Hata hayo yametoka mbali, Mhandisi," alisema. "Tumetoka kijiji kimoja, na mimi ndiye niliyetumwa kuyarudisha nyumbani."